Waliobaki Besori: kisa cha Siklagi na ugomvi wa nyara

Siku ya tatu baada ya kurudishwa kutoka Afeki, kambi ya Wafilisti, Daudi na watu wake 600 walifika Siklagi, mji waliokuwa wakiishi, wakakuta umeteketezwa. Wake hawapo. Watoto hawapo. Mifugo haipo. Wanaume waliozoea kulala mapangoni na kuishi kwa upanga wakaangua kilio, wakalia mpaka nguvu za kulia zikawaishia.

Sura ya 30 ya 1 Samweli inahubiriwa sana kwetu. Kwenye mikesha na mikutano ya injili, kipande kinachopendwa ni cha katikati: Daudi anamwuliza Bwana kama awafuate wavamizi, anaambiwa afuate, anarudi na kila kitu. Mkutano mzima husimama, kila mmoja akitaja alichoibiwa na adui: ajira, ndoa, afya, kiwanja. Sina ugomvi na hilo, maana aya zipo na ahadi ipo. Ila mahubiri mengi huishia aya ya 20, mifugo ikiswagwa mbele na watu wakisema hizi ni nyara za Daudi, wakati msimulizi bado ana aya 11 za kueleza. Katika hizo 11 adui hayupo tena. Kuna wanajeshi wa upande mmoja wakigombana juu ya nani anastahili kula na nani aende zake. Kwa maoni yangu vita vya kweli vya sura hii vilipiganwa hapo, na yote yanayotangulia ni njia ya kutufikisha hapo.

Tuanze nyuma kidogo, kwa sababu bila historia yake kisa hiki kinageuka hadithi ya shujaa asiye na doa.

Daudi alifikaje Siklagi

Mwanzoni mwa sura ya 27 Daudi anajisemea moyoni kwamba ipo siku atakufa mkononi mwa Sauli, mfalme wa Israeli aliyekuwa akimwinda, kwa hiyo heri akimbilie nchi ya Wafilisti. Alijisemea tu, hakuuliza. Kule Keila, sura ya 23, alikuwa amemwuliza Bwana mara kadhaa kabla ya kunyanyua mguu. Safari hii sivyo. Sura yote ya 27 haina jina la Mungu hata mara moja, na tukifika sura ya 29 anayelitaja jina la Bwana ni Akishi, mfalme wa Gathi, Mfilisti!

Akishi akampa Siklagi awe na mahali pa kukaa. Kwa mwaka mmoja na miezi minne Daudi aliishi kwa ujanja. Alikuwa akiwavamia Wageshuri, Wagirizi na Waamaleki upande wa kusini, anarudi na kondoo, ng'ombe, punda, ngamia na mavazi, kisha anamwambia Akishi kwamba ametoka kuipiga Negebu ya Yuda, nyika ya kusini ya watu wake mwenyewe. Ili uongo usifichuke hakuacha mtu hai, mwanamume wala mwanamke. Maandiko yanaitaja sababu bila kuipamba: wasije wakapeleka habari Gathi.

Sasa rudi kwenye sura ya 30, aya ya 2. Waamaleki walipoiingia Siklagi hawakumwua mtu, mdogo wala mkubwa. Waliwachukua tu. Haikuwa huruma, maana mateka ni mali na wanawake na watoto wana soko. Lakini matokeo ni kwamba palikuwa na watu wa kurudishwa. Kama Waamaleki wangewatendea jamaa za Daudi kile ambacho Daudi alikuwa akizitendea kambi zao, hakuna neno la Bwana la "fuata" ambalo lingemrudishia yeyote mke wake. Wahubiri hawapendi kulisema hili, na naelewa kwa nini. Msimulizi lakini hakulificha. Ameweka mambo yote mawili kwenye simulizi moja, sura tatu mbali, na kumwachia msomaji ayapime.

Afeki nako palikuwa mtego. Wafilisti walikuwa wanakusanyika kupigana na Israeli, na Akishi alimtaka Daudi aende naye. Akienda, atapigana na watu wake mwenyewe. Akikataa, siri yake inafichuka. Wakuu wa Wafilisti ndio waliomwokoa bila kukusudia. Walikumbuka ule wimbo wa wanawake, kwamba Sauli ameua elfu zake na Daudi makumi elfu yake, wakasema mtu huyu arudi alikotoka. Daudi akaondoka alfajiri. Wakati wanaume wote 600 wako safarini, Waamaleki walipata mlango wazi.

Mawe

Watu walipomaliza kulia walianza kusema Daudi apigwe mawe. Ukisoma 22:2 utakumbuka ni watu wa aina gani waliomfuata tangu pango la Adulamu: wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni. Walimjia na uchungu wao akawapokea. Sasa uchungu uleule umemgeukia. Hakuna aliyekumbuka kwamba na yeye amefiwa kama wao, kwa namna ya kusema: wake zake wawili, Ahinoamu wa Yezreeli na Abigaili aliyekuwa mke wa Nabali, walikuwa kwenye kundi la mateka. Kiongozi mara nyingi haruhusiwi kuwa miongoni mwa waathirika. Anahesabiwa miongoni mwa waliosababisha, na safari hii kulikuwa na ukweli ndani yake, kwa sababu yeye ndiye aliyewapeleka Afeki.

"Lakini Daudi akajitia nguvu katika BWANA, Mungu wake." Kisha akamwita Abiathari kuhani alete naivera, vazi la kikuhani lililotumika katika kumwuliza Bwana.

Hapo pana jambo la kutazama. Abiathari alikuwa kambini kwa Daudi kwa sababu Sauli aliwaua makuhani 85 wa Nobu, na yeye peke yake wa nyumba ya Ahimeleki akaponyoka, akaja na naivera mkononi. Siku zilezile, kule kaskazini, Sauli naye alikuwa akimwuliza Bwana, na hakujibiwa kwa ndoto, wala kwa Urimu, ile kura takatifu ya makuhani, wala kwa manabii, mpaka akajificha kwa nguo nyingine akaenda usiku kwa mwanamke wa Endori, mpiga ramli. Mfalme aliyemwaga damu ya makuhani amekosa pa kuuliza. Mkimbizi anayedanganya Wafilisti, ambaye kwa zaidi ya mwaka hatujamsikia akiuliza, anauliza mara moja na anajibiwa. Mtu asitafute haki ya Daudi katika jibu hilo, haipo. Alirudi tu mlangoni, akaukuta uko wazi.

Jibu lilikuwa fupi: fuata, hakika utawapata, na hakika utaokoa. Akaondoka na wote 600, na uchovu wao wa siku tatu za njia na kilio juu yake.

Mmisri kondeni

Walipofika kijito cha Besori, watu 200 walishindwa kuvuka. Daudi akawaacha hapo akaendelea na 400. Nitawarudia, kama yeye alivyowarudia.

Ng'ambo, watu wake wakamkuta Mmisri amelala kondeni, wakamleta kwake. Tazama utaratibu wa aya ya 11 na 12. Wakampa mkate, akala. Wakampa maji. Wakampa kipande cha mkate wa tini na vishada viwili vya zabibu kavu. Alipokwisha kula roho yake ikamrudia, maana alikuwa hajala wala kunywa siku tatu mchana na usiku. Ndipo Daudi alipomwuliza: wewe ni wa nani, umetoka wapi?

Chakula kilitangulia, maswali yakafuata. Nalisema hili kwa sababu ya saa iliyokuwepo. Kila dakika wanayosimama, wake zao wanazidi kwenda mbali. Watu hawa siku iyo hiyo walikuwa tayari kumponda mawe kiongozi wao. Na anayelishwa ni mgeni, mtumwa, tena hawajui kama ana faida yoyote kwao. Hawakuwa na sababu ya kijeshi ya kumpa hata zabibu moja. Kumpa mtu maji ili azungumze ni mbinu ya mahojiano inayojulikana, lakini vishada viwili vya zabibu na kipande cha tini vimezidi mbinu.

Majibu ya yule kijana ndiyo yanayofungua kisa kizima. Mimi ni Mmisri, mtumwa wa Mwamaleki. Bwana wangu aliniacha kwa sababu niliugua siku tatu zilizopita. Kisha akasema wazi walikoshambulia: Negebu ya Wakerethi, nchi ya Yuda, Negebu ya Kalebu, na Siklagi tuliichoma moto. Alisema "tuliichoma" mbele ya watu ambao nyumba zao ndizo zilizochomwa. Daudi akamwomba awaongoze. Naye akaomba kiapo cha mambo mawili: usiniue, wala usinitie mkononi mwa bwana wangu.

Tukumbuke sura ya 25. Nabali, tajiri wa Maoni, aliwanyima vijana wa Daudi mkate na maji siku ya kukata kondoo manyoya, akiuliza kwa nini awape watu asiojua walikotoka. Mkewe Abigaili akaharakisha na punda waliobeba mikate, divai, kondoo, bisi, vishada 100 vya zabibu kavu na mikate 200 ya tini, akamzuia Daudi asimwage damu. Sasa Abigaili yuko mikononi mwa Waamaleki, na njia ya kumfikia inapitia kwa mtu asiyejulikana alikotoka, aliyepewa mkate, maji, tini na zabibu. Sidhani msimulizi alivitaja vyakula hivyo kimoja kimoja kwa bahati mbaya.

Vita vyenyewe

Havichukui nafasi. Waliwakuta Waamaleki wametawanyika nchi yote, wakila, wakinywa na kucheza kwa sababu ya wingi wa nyara. Daudi aliwapiga tangu mapambazuko hadi jioni ya siku ya pili. Waliookoka ni vijana 400 waliopanda ngamia wakakimbia, idadi sawa na jeshi zima lililokuwa linawashambulia, kwa hiyo unaweza kukisia kundi lote lilikuwa kubwa kiasi gani. Hakikupotea kitu, kidogo wala kikubwa, mwana wala binti. Juu ya vilivyokuwa vyao yakapatikana makundi ya kondoo na ng'ombe ya ziada.

Na ziada ndiyo iliyoleta maneno.

Besori

Kijito cha Besori kinatambuliwa na wengi kuwa korongo linaloitwa leo Nahal Besor, ambalo huteremka kutoka nyanda za Negebu na kumwaga maji yake Mediterania kusini ya mji wa Gaza. Sehemu kubwa ya mwaka ni kavu; maji huja na mvua za majira ya baridi. Siklagi yenyewe bado inabishaniwa na wachimbaji wa mambo ya kale: Tel Sera imependekezwa kwa miaka mingi, na mwaka 2019 kundi jingine lilitangaza Khirbet a-Ra'i. Haijalishi kwa hoja yetu. Linalohitajika ni kuona korongo lenye kingo, na watu waliotembea siku tatu wakalia mpaka wakaishiwa nguvu, halafu wakatakiwa kushuka na kupanda tena.

Wale 200 walitoka kwenda kumlaki Daudi na kundi lake. Daudi akakaribia, akawasalimu, akawajulia hali. Yeye ndiye aliyetangulia kusalimu. Walioshindwa njiani hawajui watapokewaje, na kila aliyewahi kuachwa nyuma na wenzake anajua jinsi macho yanavyotazama chini siku wenzake wanaporudi na ushindi. Salamu ya mkubwa ilikata ile hofu kabla mtu mwingine hajafungua kinywa.

Kisha vinywa vikafunguka. Watu waovu na wasiofaa kati ya wale waliokwenda wakasema: kwa kuwa hawakufuatana nasi, hatuwapi chochote katika nyara tulizozipata, ila kila mmoja achukue mke wake na watoto wake aende zake. Nabali pia alikuwa ameitwa mtu asiyefaa, na mkewe mwenyewe. Moyo wa Nabali umejitokeza tena, sasa ndani ya kambi ya watu ambao Nabali aliwanyima.

Wasiofaa hawa hawakuwa wezi. Wake na watoto walikubali kuwarudisha. Hoja yao ina sura ya haki kabisa, na kwenye kikao chochote cha vikoba au kamati ya harusi ingepigiwa kura ikapita: asiyechangia asigawiwe. Ubaya wake uko kwenye maneno ya mwisho, aende zake. Hawagombei kondoo tu. Wanataka wale 200 wasiwe tena sehemu ya kundi.

Sasa linganisha namna tatu za kueleza jambo lilelile. Msimulizi, aya ya 10, anasema walibaki kwa sababu walikuwa wamechoka hata hawakuweza kuvuka. Wasiofaa wanasema hawakufuatana nasi, kana kwamba ni watu waliokaa nyumbani. Daudi, aya ya 24, anasema ni watu waliokaa na vyombo. Wote watatu wanaongelea watu walewale, kando ya korongo lilelile. Daudi hakudanganya, mizigo ilikuwepo kweli, na sura ya 25 inaonyesha kwamba utaratibu huu haukuwa mpya, kwani walipopanda kwenda kwa Nabali, 400 walikwenda na 200 wakabaki na vyombo. Alichofanya ni kuuchukua udhaifu wao na kuupa nafasi ndani ya kazi ya jeshi zima. Kondoo waligawiwa baadaye. Heshima yao waliipata kwanza.

Hoja yake kwa wale 400 nayo ni ya kupimwa. Aliwaita "ndugu zangu", hao hao waovu. Akasema msifanye hivyo kwa vitu alivyotupa Bwana, ambaye ametuhifadhi na kutia mikononi mwetu jeshi lililotujia. Wao walisema "tulizozipata", yeye akasema "alivyotupa". Ukikubali kwamba ulipewa, hesabu ya nani alitoka jasho kiasi gani inakosa mguu. Fungu la ashukaye vitani na fungu la akaaye na vyombo likawa sawasawa, na Daudi akalifanya amri na hukumu kwa Israeli. Mzizi wake ulikuwepo tangu zamani: katika Hesabu 31 nyara za Midiani ziligawanywa nusu kwa waliokwenda vitani na nusu kwa mkutano wote, na Yoshua alipowaaga makabila ya ng'ambo ya Yordani, sura ya 22, aliwaagiza wagawane nyara na ndugu zao.

Lakini lililonishika zaidi ni nani aliyekuwa anaambiwa hapana. Siku chache kabla, watu hawa walikuwa wanaokota mawe kwa ajili yake. Ndio kwanza wamempenda tena. Mwanasiasa yeyote angewaachia, angesema ni matakwa ya wapiganaji. Na Israeli walikuwa na mfano wa mfalme aliyewaachia: katika sura ya 15 Sauli alitumwa kuwapiga Amaleki, akamhifadhi Agagi mfalme wao na mifugo mizuri, na alipobanwa na nabii Samweli akakiri kwamba aliwaogopa watu, akaitii sauti yao. Adui ni yuleyule, mzozo ni uleule wa nyara, kelele ni zilezile za watu. Sauli alipotezea hapo ufalme. Daudi alisimama.

Amaleki na waliochoka

Kwa nini msimulizi atumie nafasi kubwa hivi kwa watu 200 waliochoka? Nadhani jibu liko kwenye jina la adui.

Kumbukumbu la Torati 25 inawaagiza Israeli wasisahau alichofanya Amaleki njiani walipotoka Misri. Kosa lake halikuwa kupigana nao tu. Mataifa mengi yalipigana nao. Ni kwamba aliwapiga walioburuta miguu nyuma, wadhaifu wote, wakati watu wamechoka na kuzimia, wala hakumcha Mungu. Amaleki anajulikana kwa hilo katika kumbukumbu ya Israeli: humtafuta aliyechoka.

Sasa soma tena 1 Samweli 30. Bwana wa yule Mmisri alikuwa Mwamaleki, na mtumwa wake alipougua alimwacha kondeni afe. Ndiyo desturi yake, sasa kwa mtu wake mwenyewe. Halafu geuka uwatazame wale wasiofaa wa Besori. Wametoka kuwashinda Waamaleki, mikono bado ina damu yao, na jambo la kwanza wanalopendekeza ni kuwaacha waliochoka kando ya njia waende zao. Walimpiga Amaleki jana jioni, leo asubuhi wanazungumza kama yeye. Adui ameshindwa uwanjani, kisha anajaribu kurudi kambini kupitia kwa washindi.

Ndiyo maana naamini kugawa sawasawa kulikuwa sehemu ya vita na si shughuli ya baada ya vita. Kama Daudi angekubali pendekezo lile, angekuwa amerudisha wake na watoto na kumpoteza Israeli.

Hata pambano la kwanza na Amaleki, Kutoka 17, lilihusu mtu aliyechoka. Yoshua alipigana bondeni kule Refidimu, Musa akiwa juu ya kilima, na mikono ya Musa ikawa mizito. Haruni na Huri hawakumwambia mtumishi wa Mungu hapaswi kuchoka. Walileta jiwe akalie, mmoja akashika mkono upande huu na mwingine upande ule, mpaka jua likachwa.

Wapo watakaouliza kama haya hayawapi wavivu kichaka cha kujificha. Swali ni halali. Biblia ileile ina wimbo wa Debora, Waamuzi 5, unaomlaani Merozi kwa kutokuja vitani na kuwakejeli Wareubeni waliobaki mazizini wakisikiliza milio ya makundi. Kwa hiyo si kila aliyebaki anapewa fungu. Tofauti ni rahisi kuiona: Merozi hakuja. Wale 200 walikuja, walitembea siku tatu pamoja, walipoteza wake na watoto kama wengine, wakaenda mpaka mwili ukagoma ukingoni mwa Besori. Na wanaopenda kutumia watu 300 wa Gideoni, waliochoka lakini wakazidi kufuatia, ili kuwaaibisha waliochoka, wasome aya inayofuata. Gideoni aliwaombea mkate kwa watu wa Sukothi na Penueli, wakanyimwa, na walionyima ndio walioadhibiwa. Aliyechoka, aendelee au abaki, alistahili kulishwa.

Kwetu makanisani sipati shida kuwaona wale 200. Ni akina mama waliopika siku zote za semina wasisikie hata somo moja, na siku ya kufunga jina la mnenaji linatajwa, la kwaya linatajwa, jikoni hakuna anayekumbukwa. Ni mwinjilisti mzee aliyefungua mtaa kwa miguu, leo magoti hayafai, na jengo jipya linazinduliwa bila kiti chake. Ni aliyeandika ahadi ya mchango akaishia nusu kwa sababu ya ugonjwa, kisha orodha ikasomwa kwa sauti. Hawa hawakukataa kwenda. Walifika Besori.

Yaliyofuata

Daudi hakuishia kwa wale 200. Aliporudi Siklagi alituma sehemu ya nyara kwa wazee wa Yuda: Betheli, Ramothi ya Negebu, Yatiri, Aroeri, Sifmothi, Eshtemoa, Rakali, miji ya Wayerameeli na ya Wakeni, Horma, Korashani, Athaki, na mwisho Hebroni. Aliyezoea uchaguzi wetu atasema ni takrima, na sitabishana naye sana, kwa sababu baada ya muda mfupi watu wa Yuda walimtia Daudi mafuta awe mfalme, na mahali penyewe palikuwa Hebroni. Ila maandiko yanaongeza maneno ambayo takrima haina: zilipelekwa mahali pote ambapo Daudi na watu wake walikuwa wakizungukazunguka. Ni miji iliyowajua walipokuwa wakimbizi. Na Waamaleki walikuwa wametoka kuivamia nchi ya Yuda na Negebu ya Kalebu, na Hebroni ndio urithi wa Kalebu, kwa hiyo baadhi ya kondoo wale huenda walikuwa wanarudi nyumbani.

Wakati haya yakitendeka kusini, Sauli na wanawe watatu walikuwa wameanguka juu ya mlima Gilboa. Daudi alikuwa amekaa Siklagi siku mbili. Siku ya tatu akafika mtu kutoka vitani, nguo zimeraruka na udongo kichwani, mkononi ana taji ya Sauli na kikuku chake. Alipoulizwa kabila lake, akajibu kuwa ni Mwamaleki. Taji ya Israeli ikamfikia Daudi katika mji uliochomwa moto, kutoka mkono ambao hakuutarajia.

Safari hii Daudi aliuliza kabla ya kuondoka. Je, nipande mpaka mji mmojawapo wa Yuda? Akaambiwa panda. Niende upi? Hebroni. 2 Samweli 2:3 inasema akawapandisha watu wake waliokuwa pamoja naye, kila mtu na jamaa yake, wakakaa katika miji ya Hebroni. Hesabu ya 400 na 200 haitajwi tena.